Sarufi ndani ya sentensi za watoto wenyewe

Mtoto wa Gredi ya Tano katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi anaweza kukukariria ngeli zote, yaani makundi ya nomino, kuanzia A-WA hadi PAKUMU, bila kukwama popote, kisha papo hapo akakuomba ruhusa ya kwenda kuchukua "kitabu yake". Ngeli amezihifadhi kama orodha, ilhali lugha anayoizungumza nyumbani na uwanjani ina utaratibu mwingine: nomino nyingi za vitu hupewa upatanisho wa I-ZI, kirejeshi huachiwa "yenye" na "zenye", na kila kilicho kidogo huvishwa "ka-". Utaratibu huo una kanuni zake, na watoto wa Nairobi hawazikosei. Mwalimu anayeuita uchafu wa lugha huwafunga midomo wanafunzi wale wale anaotaka waandike.

Mimi huanzia kwenye sentensi yao. Mwanafunzi akisema "vitabu zangu zenye nilinunua zimepotea", naiandika ubaoni kama ilivyo, na chini yake naandika: "Vitabu vyangu vipya nilivyovinunua vimepotea." Wanafunzi hupigia mstari kila mahali ambapo "vi" au "vy" imejitokeza, na wengi hushangaa kuona jinsi nomino moja inavyoitawala sentensi nzima. Kisha tunaiweka katika umoja, "Kitabu changu kipya nilichokinunua kimepotea", na mwishowe tunaondoa vitabu na kuleta kalamu: "Kalamu zangu mpya nilizozinunua zimepotea." Hapo ndipo ngeli inapoacha kuwa wimbo. Zoezi la kujaza mapengo haliwezi kufanya kazi hii, kwa sababu mwanafunzi hujaza kiambishi kimoja katika sentensi ambayo mtu mwingine amekwisha kuipatanisha.

Upande wa insha, tatizo ni jingine. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulitenga dakika 40 kwa ajili ya insha, na muda huo mfupi uliwafanya walimu wengi kuwakaririsha wanafunzi utangulizi unaofaa kila mada. Mtihani umekwenda, utangulizi umebaki. Jua linachomoza, ndege wanaimba, mwandishi anadamka, anakoga na kustaftahi, na nusu ya ukurasa imekwisha kabla jambo lolote halijatokea. Mapambo hayo yana wapenzi wengi miongoni mwa wazazi, nami nimekwisha kuulizwa kwa nini insha za darasa langu "hazina methali". Hata hivyo, ukiyaondoa, mara nyingi unakuta sentensi tatu zisizosimama.

Badala yake, nawaomba wamwelekeze mgeni aliyetoka Turkana jinsi ya kupanda matatu kutoka Kayole hadi katikati ya jiji: asimame wapi, aulize nini kuhusu nauli, afanye nini konda akikawia kumpa chenji. Kazi hiyo hudai "hu-" ya mazoea na "-ki-" ya masharti bila mimi kuzitaja. Halafu wanasimulia safari moja ya siku ya mvua, na hapo hujitokeza ule mtiririko wa "nilienda, nilipanda, nililipa, nilishuka", ambao ndio mlango wa kuwafundishia "-ka-": nilienda kituoni, nikapanda, nikalipa, nikashuka.

Katika kusahihisha, nachagua kosa la aina moja kwa juma na kuyaacha mengine, ingawa daftari lisilo na wino mwekundu mwingi huwatia baadhi ya wazazi wasiwasi. Nukta hawazipati kwangu. Mwanafunzi mwingine hulisoma daftari la mwandishi kwa sauti, na pale pumzi inapomwishia msomaji, mwandishi anajua pa kuiweka nukta.

Muhula wa tatu huwa wa mazungumzo. Ndani ya alama za mtajo, konda anaruhusiwa kusema kama makonda wasemavyo, Sheng, ile lugha ya mitaani ya vijana, na yote. Nje yake, msimulizi hubaki katika Kiswahili sanifu. Sharti hilo limewafundisha alama za mtajo haraka kuliko zoezi lolote la kitabuni, maana kila mtoto anataka nafasi ya kuandika maneno ya konda, na haipati bila kufungua na kufunga alama mahali panapostahili.