Grini ya nyuma ya nyumba: fedha yangu iko chini ya zulia

Muuza mazulia ya majani bandia aliniambia maneno matano: "Tandika tu, bosi, mpira utateleza." Maneno hayo yalinilia karibu laki saba na masika nzima. Ndiyo maana mtu akiniuliza zulia la bei nafuu la kuchezea gofu nyumbani linapatikana wapi, roho inaniuma, kwa sababu zulia ndilo jambo la mwisho kuuliza.

Nakaa Goba, Dar es Salaam, nacheza gofu kwenye uwanja wa Lugalo Jumamosi nikipata nafasi. Tatizo langu siku zote lilikuwa kwenye grini, pale penye majani mafupi yanayozunguka shimo. Mikwaju miwili inanifikisha, kisha naviringisha mara tatu. Nikaamua nitengeneze mahali pa mazoezi ya jioni, kwenye kipande kilichokuwa wazi kati ya ukuta na kamba za nguo za mama watoto.

Majani halisi nilianza nayo, sitayasemea sana. Grini ya kweli hukatwa ikabaki milimita 3 hadi 5 hivi, tena karibu kila siku, kwa mashine ya silinda. Yangu ya kusukuma haishuki chini ya sentimita 2. Ukiweka na bili ya maji, kama huna mtu wa kuihudumia kila asubuhi, usianze.

Ndipo nikaenda kwa yule wa mazulia. Akanipa la manyoya ya milimita 30, zuri kwa macho, lile la kupambia bustani. Tukasawazisha udongo kwa reki, tukatandika, na kwa wiki mbili kila mgeni alipiga picha. Lakini mpira ulikuwa unazama kwenye manyoya. Unaupiga kutoka mita tatu unasimama katikati, na ukiongeza nguvu unarukaruka. Halafu mvua za Machi zikaanza. Kulikuwa na mahali ambapo mafundi walichimba shimo la chokaa wakati wa ujenzi, wakalifukia kwa kifusi. Mwezi wa nne pakatitia. Nilipoinua pembe ya zulia nikakuta tope jekundu, ukoka ule ule niliodhani nimeung'oa umeshatoboa kitambaa cha chini, na bonde ambalo kiganja changu kilizama chote. Nilikasirika sana siku hiyo. Nilikuwa nimelipia sura tu.

Mara ya pili nilikaa na karatasi kabla ya kukaa na fundi. Mazulia ya kazi hii huja kwa majora ya upana wa mita 2 au 4. Mimi nilikuwa nimechora umbo la figo, kama kwenye picha za Marekani, upana mita 5 na kidogo. Nilipopiga hesabu nikaona nitalipia vipande vya kutupa, na juu yake kutakuwa na mshono katikati, ambao mpira unauhisi. Nikafuta. Nikachora mita 8 kwa 4, pembe nikazizungusha kidogo tu. Hapo niliokoa fedha iliyolipa mafundi siku mbili.

Hesabu ya chini ni rahisi. Mita 8 mara 4, kina cha sentimita 10, ni mita za ujazo 3.2. Ila ukishindilia vitu hunywea, kwa hiyo niliagiza kama 4: kokoto chini, vumbi la kokoto juu. Tulifukua lile shimo la chokaa mpaka kwenye ardhi ngumu, tukalijaza upya. Mashine ya kushindilia nilikodi kwa siku, na nilisimama pale pale kuhakikisha kila tabaka linamwagiwa maji kabla ya kupigwa.

Fundi wangu, mtu hodari wa sakafu, alitaka pawe tambarare kabisa kama sebule. Nikamwambia, "Fundi, maji yataelekea wapi?" Akasema yatanywea. Hapana. Tulipigilia vigingi, tukavuta kamba, na kwa mpira wa levo, yaani bomba laini lenye maji la kupimia usawa, tukatoa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita 1 kuelekea mfereji wa ukutani. Mteremko huo unatosha kutoa maji na kuupinda mpira, lakini ukiuongeza sana karibu na shimo mpira hautasimama. Tulipomaliza nilimwaga ndoo moja upande wa juu nikachuchumaa kuangalia. Maji yalituama mahali pawili, pana kama sahani. Tukajaza vumbi, tukashindilia, tukamwaga tena.

Sasa mashimo. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Vikombe vyake vya dukani nilitajiwa bei nikaaga. Nikachukua bomba la maji taka la inchi 4: nje ni milimita 110, ndani nilipima nikapata 104 hivi. Nikakata vipande vitatu vya kina cha sentimita 12, nikavizika chini kukiwa na kokoto ili maji yatoke. Ile tofauti ya milimita 4 ndiyo raha yangu kubwa. Anayezoea la nyumbani, la kilabuni analiona limefunguka kama sufuria.

Zulia la safari hii ni la manyoya mafupi, milimita 13, yaliyosongamana. Juu yake nilimwaga mchanga wa mto uliooshwa, ukakaushwa na kupitishwa kwenye chekeche, nikausugua ndani kwa ufagio mgumu. Mchanga ukizidi, mpira unakwenda kasi. Vilabu hupima kasi kwa kijiti chenye mfereji wa kuteremshia mpira ili kuona unafika umbali gani, alichobuni Edward Stimpson mwaka 1935. Mimi nilitumia pembe ya aluminiamu kutoka kwa fundi madirisha, nikiiinua kwa kimo kile kile kila mara. Vipimo vyake si vya kilabuni, lakini vinanionyesha kama leo ni sawa na jana. Jioni nne nilikuwa namwaga, nasugua, napima, kisha narudia.

Jumla, ukiacha hasara ya kwanza, ilikuwa kama milioni mbili na ushee. Zulia halikufika nusu. Kokoto, vumbi, mashine na mikono ya watu ndivyo vilivyobeba sehemu kubwa, na hapo sikupunguza hata shilingi.

Masika iliyofuata ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilitoka na kandambili nikakuta zulia limelowa bila dimbwi hata moja. Niliweka mpira mita tatu upande wa juu wa shimo la kati nikausukuma taratibu. Ukapinda kulia, ukadumbukia, nikasikia ule mlio wa plastiki.