Zulia lilikuwa limelowa

Nimetoka kukagua gari Lanet sasa hivi, vumbi hadi kwenye nyusi.

Mnajua vile nimekuwa nikiweka akiba ninunue gari la viti viwili. Kuagiza Japani haiwezekani, haya ninayoyapenda yamepita zamani ule umri wa miaka 8, ambao gari lililotumika likiupita haliruhusiwi kuingizwa Kenya. Kwa hivyo ni yale yaliyotumika hapa hapa nchini tu. Nimebaki na mawili: Mazda MX-5 ya paa la kukunja hapa Nakuru, na Toyota MR-S niliyoiona Kisumu juzi.

MR-S injini iko nyuma ya mgongo wako, unaisikia ikinguruma karibu na sikio. Tamu! Lakini pa kuweka hata nusu gunia la viazi hakuna.

Basi leo fundi wangu akaja kukagua Mazda. Nyekundu, inang'aa kama nyanya iliyopakwa mafuta. Mwenyewe anaisifu, fundi kimya.

Akainua zulia upande wa dereva, akabonyeza kwa kidole.

Maji yakachuruzika.

"Boss, matundu ya kutoa maji ya paa yameziba." Akapiga magoti, akagonga bati la chini ya mlango kwa mpini wa bisibisi. Ko, ko, ko... pu.

Hiyo "pu" bado iko masikioni mwangu. Kutu.

Na bado naitaka, jamani! Ile gia fupi inaingia kwa kiganja tu.

Nani amewahi kuchomelea bati hilo, alilipa ngapi? Na watu wa Kisumu, MR-S na matuta ya huko vinapatana kweli?