Steringi Wetu Naye Aishi

Trela ya filamu yenye wanaume wawili wanaopendana ikitoka, marafiki zangu huuliza nani kaigiza, nani kaongoza, na kama kuna busu. Mimi nauliza jambo moja: wanafika mwisho wakiwa hai? Nauliza kabla sijajua hata jina la filamu. Mwenzangu kanizidi. Yeye haketi kutazama mpaka nimpe jibu, na nikisita kidogo tu ameshaelewa, anachukua kitabu chake anahamia chumbani.

Nimelelewa na filamu za mapigano. Mjomba wangu alikuwa na kauli ambayo sisi watoto tuliiamini kabisa: steringi hafi. Risasi zitampita, gari litabingirika bondeni naye atatoka akijikung'uta vumbi, maadui watamzingira juu ya paa na atapata upenyo. Tulitulia, kwa sababu mjomba alishasema. Nilipokua nikaanza kutafuta filamu zenye watu kama mimi, nikakuta kauli ya mjomba huku haina nguvu. Huku anayekufa ni steringi mwenyewe. Anakufa kwa kitanzi, kwa kisu, kwa ugonjwa, kwa kipigo cha watu asiowajua, na mara nyingi anakufa pale pale alipoanza kuonja furaha. Mambo hayo hayakutokea kwa sadfa. Kwa miaka mingi yalikuwa na kanuni zake, zimeandikwa na zina ofisi ya kuzisimamia.

Kampuni kubwa za filamu za Marekani zilizikubali kanuni hizo mwaka 1930, zikajulikana kama Kanuni za Hays, na kuanzia 1934 zikakazwa kwelikweli: filamu iliyokosa muhuri wa ile ofisi ilifungiwa milango ya majumba makubwa ya sinema. Kifungu kimoja kilikataza "upotovu wa kimapenzi" na hata dokezo lake, na sisi ndio tuliokusudiwa. Kingine kilitaka huruma ya mtazamaji isije ikaegemea upande wa dhambi. Viweke vifungu hivyo viwili pamoja uone vinavyozaa nini. Mtu wetu akijipenyeza kwenye hadithi, isijulikane ni nani, ikijulikana, alipe.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Plato, yule kijana aliyeigizwa na Sal Mineo katika Rebel Without a Cause ya mwaka 1955. Ndani ya mlango wa kabati lake la shule amebandika picha ya mwigizaji wa kiume, Alan Ladd, na tangu akutane na James Dean macho yake hayambanduki. Hakuna anayelitaja lolote. Lakini mimi nilimjua Plato mara tu alipofungua lile kabati, na naamini wanaume wengi waliokaa gizani kwenye majumba ya sinema mwaka ule walimjua vilevile. Polisi wanampiga risasi kabla filamu haijaisha. James Dean anaondoka na msichana wake.

William Wyler aliongoza hadithi moja mara mbili, nami nawashauri wanaopenda historia ya sinema wazitazame zote kwa kufuatana. Ni tamthilia ya Lillian Hellman kuhusu walimu wawili wa kike wanaozushiwa na mtoto kwamba ni wapenzi. Mwaka 1936, kwa sababu ya kanuni, uvumi ukageuzwa kuwa wa mwanamke na mwanaume, filamu ikaitwa These Three. Mwaka 1961 kanuni zikalegezwa kidogo, Wyler akairudia kwa jina lake halisi, The Children's Hour. Safari hii Martha, aliyeigizwa na Shirley MacLaine, anaruhusiwa kukiri kwamba ndiyo, anampenda mwenzake. Anakiri akilia, akijiita mchafu, na baada ya muda mfupi amejinyonga. Mlango ulipofunguliwa hatimaye, aliyepitishwa kwanza ni maiti.

Vito Russo alilifuatilia jambo hili kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kitabu chake, The Celluloid Closet, kilitoka mwaka 1981, na ndani yake kuna orodha ya vifo: jina la filamu, jina la mhusika, na namna alivyokufa. Kujiua, kuuawa, kujiua, kuuawa, kuangukiwa na mti. Ukiisoma kwa mfululizo, koo linakauka. Russo mwenyewe alifariki kwa UKIMWI mwaka 1990, akiwa amekwisha kutufundisha kutazama sinema huku tukihesabu.

Nisieleweke vibaya. Sidai kwamba shoga asife katika filamu. Watu wanakufa, na sisi tumezika wengi mno kuweza kudai hivyo. Kinachonishughulisha ni kifo hicho kimewekwa pale kufanya kazi gani, na kwa manufaa ya nani.

Mfano bora ninao, na ni wa zamani kuliko Hays. Mwaka 1919 Richard Oswald alitengeneza nchini Ujerumani filamu ya kimya iitwayo Anders als die Andern, akishirikiana na daktari Magnus Hirschfeld, ambaye anaonekana humo akiigiza daktari. Conrad Veidt ni mpiga fidla mashuhuri anayempenda mwanafunzi wake, kisha anaangukia mikononi mwa mtu anayemtishia kumfichua asipompa fedha. Mtishaji huyo ana nguvu kwa sababu moja tu: Kifungu cha 175 cha sheria ya Kijerumani, kilichofanya mapenzi ya wanaume kuwa kosa la jinai. Mpiga fidla anakunywa sumu. Ukiishia hapo utasema ni yale yale. Lakini kijana wake anapotaka kumfuata, daktari anamzuia na kumwambia aishi apiganie haki, na mwishoni tunaona kitabu cha sheria kimefunguliwa na mkono ukikifuta kile kifungu kwa kukichora mstari. Kifo hiki kinaishtaki sheria, hakimwadhibu aliyekufa. Wanazi waliharibu nakala za filamu hii, na tunachokitazama leo ni vipande vilivyookolewa na kuungwa, lakini ule mkono upo.

Ndiyo maana naweza kuitazama 120 battements par minute ya Robin Campillo, iliyopata tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwaka 2017, nikalia mpaka nikachoka, na nisione kama nimeibiwa. Ni filamu kuhusu wanaharakati wa UKIMWI mjini Paris, na Sean, mmoja wao, anakufa. Wenzake wanakuja nyumbani usiku ule ule, mama yake yupo, wanapika kahawa, wanajadili majivu yake yatatumikaje kwenye maandamano. Campillo alikuwa mmoja wa wanaharakati hao, na inaonekana. Anajua nani analala wapi usiku wa msiba. Na ipo Parting Glances ya mwaka 1986, filamu ndefu pekee ya Bill Sherwood, ambapo Steve Buscemi, bado kijana, anaigiza Nick, mwanamuziki mwenye UKIMWI. Katika miaka ile ambayo kila hadithi ya ugonjwa huo iliishia kaburini, Sherwood anaifunga filamu yake Nick akiwa mzima, mtundu, anasumbua watu. Sherwood mwenyewe aliondoka mwaka 1990 kwa ugonjwa huo huo. Sijui filamu nyingi zenye ujasiri wa namna hiyo.

Brokeback Mountain, ambamo mmoja wa wapenzi wawili anakufa, naiheshimu. Ang Lee alistahili tuzo yake ya uongozaji, na zile shati mbili zilizotundikwa pamoja hazitatoka kichwani mwangu. Lakini siirudii. Moonlight ya Barry Jenkins naweza kuiweka hata leo usiku. Kila mtu anakumbuka vurugu za bahasha kwenye Oscar za mwaka 2017, La La Land ikatangazwa kwanza, watu wakapanda jukwaani, kisha ikabidi warudishe tuzo. Mimi ninachokumbuka zaidi ni kwamba filamu iliyoshinda inaishia na Chiron, mwanaume mweusi mkubwa mwenye misuli, ameweka kichwa begani kwa Kevin, na hakuna anayeingia na bunduki. Niliisubiri ile bunduki. Mwili wangu wote uliisubiri, kwa sababu ndivyo sinema ilivyonifunza.

Sasa niseme kuhusu wanaoelewa uzito wa mwisho mwema kuliko hata sisi: wenye mikasi, wale wanaoamua kipi kichapishwe au kionyeshwe.

Mwandishi Mwingereza E. M. Forster alimaliza kuandika riwaya yake Maurice mwaka 1914, akaificha. Ikachapishwa 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Alieleza waziwazi sababu: alikuwa ameapa kwamba wanaume wake wawili wangebaki pamoja, na mwisho huo ndio uliofanya kitabu kishindwe kuchapishwa. Kingeishia na kijana ananing'inia kwenye kamba, mambo yangekuwa mepesi. James Ivory alipoigeuza filamu mwaka 1987 hakuugusa mwisho ule. Maurice na Scudder wanakutana kwenye banda la mashua na wanabaki pamoja. Anayeachwa na huzuni ni Clive, aliyependwa na Maurice kwanza, Hugh Grant huyo, anafunga madirisha ya jumba lake moja baada ya jingine huku mkewe yuko nyuma yake. Kwa mara moja, huzuni imekwenda kwa aliyekataa kupenda. Naipenda filamu hii kwa sababu hiyo moja kuliko kwa mavazi yake yote mazuri.

Halafu ruka miaka mia moja na zaidi tangu Forster aweke kalamu chini. Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya inaipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, wiki chache kabla haijaonyeshwa Cannes, ambako ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwenye orodha rasmi. Bodi ilisema filamu ina nia ya kueneza usagaji kinyume cha sheria. Lakini Kahiu ameeleza hadharani kilichotakiwa kwake: abadilishe mwisho, kwa kuwa una matumaini kupita kiasi. Alikataa. Soma tena hapo. Wasichana wawili, Kena na Ziki, katika filamu hiyo wanapigwa na umati, wanatenganishwa, mmoja anapelekwa ng'ambo. Mateso yote hayo hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa dakika za mwisho, miaka imepita, Kena anafanya kazi hospitalini, Ziki amerudi, na mkono unamgusa Kena begani. Uso wake ukibadilika tu, filamu inaisha. Mkono begani! Ofisi ya Hays ingeelewana vizuri sana na watu hawa.

Kahiu alikwenda mahakamani, na Septemba 2018 Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku kwa siku saba, kwa watu wazima tu, ili filamu itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani kabla ya kufikiriwa kwa Oscar. Watu walijaa Nairobi kuitazama. Baada ya siku saba marufuku ikarudi, na Kenya ikaiwakilisha Supa Modo, filamu nzuri pia, haina kosa lolote katika haya. Mwaka uliofuata Samantha Mugatsia, aliyemwigiza Kena, akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye FESPACO, tamasha la filamu za Afrika mjini Ouagadougou, Burkina Faso. Nilipiga kelele peke yangu nilipoisoma habari hiyo.

Watu hudhani Rafiki ndiyo iliyoanza Afrika. Miaka ishirini na moja kabla yake, Mohamed Camara wa Guinea alitengeneza Dakan, ikaonyeshwa Cannes mwaka 1997. Inaanza bila kuomba radhi: wavulana wawili, Manga na Sory, wanabusiana ndani ya gari usiku. Familia zinawatenganisha. Manga anapelekwa kwa mganga atibiwe, Sory anaoa na kupata mtoto. Kwa kila dalili mtazamaji aliyelelewa na Hays anaanza kuandaa leso. Na Camara anawapa gari, anawapa barabara, wanaondoka pamoja. Ana huruma hata kwa mama yake Manga, ambaye analipuka, anaumia, na mwishowe anamwachia mwanawe njia. Mwenzangu aliitazama yote bila kukimbilia chumbani, na yeye ndiye aliyetaka turudishe nyuma tuone tena mwisho.

Kwa hiyo anayeniuliza aanze na ipi, jibu langu ni hili. Kijana anayeogopa, aanze na Beautiful Thing ya mwaka 1996, wavulana wawili wa ghorofa za kusini-mashariki mwa London wanacheza muziki wamekumbatiana uwanjani mchana kweupe, na mama wa mmoja wao anaingia kucheza pembeni yao. Aliyependa na kuachwa, atazame Weekend ya Andrew Haigh. Maurice ni kwa anayependa nguo na majumba. Moonlight ni kwa kila mtu.

Na Dakan ni kwa ajili yetu, ila kuipata ni shida, na mazungumzo yake ni ya Kifaransa kwa sehemu kubwa. Ina urefu usiofika hata saa moja na nusu. Kama kuna msomaji anayekijua Kifaransa vizuri na Kiswahili chake kimenyooka, aniandikie. Nataka tuwaombe wenye haki za filamu hiyo ruhusa ya kuiwekea maandishi ya Kiswahili, na kazi ya kuchapa mstari kwa mstari niko tayari kuifanya mimi.