Honda, baibui na barabara ya Konde

Nakaa Wete, kisiwani Pemba, na skuli ninayofundisha iko upande wa Konde, ndani kidogo ya barabara kuu. Kwa gari ya abiria nilikuwa nasubiri ijae ndipo iondoke, kisha nateremka njia panda na kumalizia kwa miguu, madaftari mkononi. Nikachoka. Nikanunua honda, yaani pikipiki, iliyotumika, ya cc 125, ikaletwa na boti kutoka Unguja hadi bandari ya Mkoani. Ami yangu, mtu aliyeendesha tangu enzi za Vespa, akakubali kunifundisha kwa sharti moja: nisipande lami mpaka aseme yeye.

"Kwanza jifunze kwenda polepole, mwanangu," aliniambia. "Kukimbia hakuna asiyeweza."

Na kweli, polepole ndiko kugumu. Tulikuwa tunakwenda kiwanja cha mpira baada ya sala ya alfajiri, anaweka makumbi mawili ya nazi chini, na kazi yangu ni kuyazunguka kwa mchoro wa namba nane bila kutia mguu chini. Klachi nusu, moto wa injini kidogo usiopanda wala kushuka, breki ya mguu imeguswa tu. Ukilitazama kumbi unalipanda. Ukigeuza shingo ukatazama unakotaka kwenda, pikipiki inakufuata. Watoto wanaokwenda chuo cha Kurani walikuwa wanasimama kutazama na kunipigia makofi, na ami akawa anafurahi, eti nizoee kuchekwa mapema, kwa sababu wengi huanguka wakiwaonea haya wanaowatazama.

Breki nayo ina kisa chake. Huku kwetu kila anayejifunza huambiwa: usiguse breki ya mbele, itakubwaga. Ami hakulikubali hilo hata kidogo. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele. Tairi ya nyuma inakuwa nyepesi na kuanza kuburuza, ya mbele inagandamizwa chini, na hiyo ndiyo inayokusimamisha hasa. Kinachobwaga watu ni kuikamata ghafla, au kuishika wakati usukani umekunjwa, au juu ya mchanga. Inabanwa kama unavyokamua tui: unaanza taratibu, ndipo unakaza. Tukafanya zoezi hilo kwenye mstari ulionyooka, breki zote mbili pamoja, mwendo mdogo kisha mkubwa kidogo, mpaka mkono ukazoea bila kuamrishwa.

Mimi nafundisha hisabati, kwa hiyo nilijipigia hesabu mwenyewe. Ukienda kilomita 60 kwa saa, sekunde moja tu ya kushtuka inakupeleka karibu mita 17 kabla hujagusa breki. Na ukiuzidisha mwendo mara mbili, masafa ya kusimama baada ya breki kushika hayazidi mara mbili, yanazidi mara nne. Hesabu hii naiandika ubaoni kila mwaka, maana wavulana wa darasa langu wana haraka ya kukopa pikipiki za kaka zao.

Sasa mavazi. Wanaume wanaotoa nasaha za pikipiki hawaligusi jambo hili, na sisi wanawake ndilo la kwanza. Baibui pana likipeperuka linatafuta cheni au spoki. Pikipiki nyingi zinazouzwa kwa mkono wa pili zimeng'olewa kava ya cheni, na kitambaa kikishaingia baina ya cheni na meno ya sproketi hakirudi. Kinavutwa na mwenye nguo pamoja. Nilimtaka fundi aifunge kava kabla hata hajaniwekea vioo vya pembeni. Ndani navaa suruali, baibui langu la safari nimelipunguza upana chini, na nikishakaa nalikunja mbele na nyuma na kulikalia chini ya mapaja. Kabla sijatia gia napitisha mkono pande zote mbili kuhakikisha hakuna pindo linaloning'inia. Viatu vya kufunika vidole, si kandambili.

Kichwani pia kuna hesabu. Helmeti juu ya mtandio wenye pini ni hatari yake yenyewe: pini inaelekea fuvuni. Navaa ushungi mwembamba wa kubana, hauna pini hata moja, na mtandio mzuri nautia mkobani nikaujifunge skuli. Ukanda wa helmeti ukishafungwa, tikisa kichwa. Ikicheza, si saizi yako. Wale wanaoitundika kwenye kiwiko mimi sijawafahamu mpaka leo. Kiwiko kina thamani gani hiyo?

Mama mkwe wangu ndiye aliyetaka kuwa abiria wangu wa kwanza. Alitaka kukaa upande, kama wanavyokaa bibi zetu wote. Nikamwambia, "Mama, ukikaa hivyo uzito wote uko upande mmoja, na nguo yako iko karibu na gurudumu. Kaa kwa kutanua miguu, ndani uvae suruali." Akanitazama. "Kwa umri huu, mwanangu?" Tukakubaliana yeye apande gari ya abiria, mimi nimpelekee mkoba. Ikawa hivyo, na heshima ikabaki.

Barabara za Pemba si za Unguja. Kwetu ni milima na mabonde, kona juu ya kona, na mbele huoni. Kona ya kushoto ukiingia na mwendo mkubwa inakutupa upande wa wanaokuja. Ya kulia inakutupa mtaroni. Mwendo unaamuliwa kabla ya kona: unapunguza ukiwa bado wima, unashusha gia, ndipo unalala nayo. Ami alinionyesha pa kutazama: pale mbali kingo mbili za barabara zinapokutana machoni. Nukta ile ikikukimbilia, kona inazidi kukaza, punguza. Ikianza kukukimbia, njia inafunguka. Tangu nijue hilo sishangazwi sana na kona hata ile nisiyowahi kuipita.

Kwenye miteremko utawaona watu wanatia fri, yaani wanatoa gia, wengine wanazima kabisa, ati kuokoa mafuta. Pikipiki iliyo fri haina injini ya kuishikilia. Kazi yote inabaki kwa breki, zinapata moto na kulegea. Teremka na gia uliyopandia au ya chini yake. Mafuta unayookoa hayafiki hata bei ya kikombe cha chai.

Msimu wa karafuu una mambo yake. Majamvi yanatandazwa mpaka ukingoni mwa lami, wanaoanika wameinama na mgongo uko barabarani, mtoto anakimbia kuwahi kuzikusanya wingu likitanda. Makonyo, vile vijiti vya karafuu, yaliyomwagika kwenye lami yanabiringika chini ya tairi. Hapo mimi nashuka mpaka gia ya pili na kupiga honi mapema, fupi, si ya kumshtua mtu.

Mvua inateleza zaidi inapoanza. Dakika za mwanzo vumbi na mafuta ya magari vinachanganyika na maji, na kwetu kuna udongo mwekundu unaoletwa na magari ya shamba. Wakati wa masika na vuli mimi nasimama chini ya paa lolote, nasubiri lami ioshwe, ndipo naendelea na breki laini zaidi. Kule mbele, ndani ya kivuli cha msitu wa Ngezi, njia hubaki na unyevu hata jua likiwa kali nje.

Ramadhani, kuanzia alasiri mpaka magharibi, naogopa zaidi kuliko usiku wa manane. Kila mtu ana njaa, ana mkate na tende kwenye usukani, na anataka futari imkute nyumbani. Huku kwetu giza halina subira, jua likizama ndiyo limezama. Naondoka skuli mapema, na ikishindikana nabeba tende tatu na chupa ya maji, nifuturu nilipofika.

Kuhusu matunzo sitasema mengi. Upepo wa tairi naupima asubuhi zikiwa baridi, oili naitazama pikipiki ikiwa wima, cheni naitia oili kila baada ya mvua. Cheni ya pikipiki yangu inatakiwa icheze kama sentimita 2 mpaka 3. Ya kwako itazame kwenye kitabu chake. Fundi wetu alikuwa anapenda kuikaza mpaka inalia, na cheni iliyokazwa hivyo inakula sproketi na beringi. Tulibishana sana. Siku hizi akiniona naingia anachukua rula mwenyewe: "Mwalimu, leo ngapi?" Namwambia mbili na nusu.