Kung'oa lantana bustanini: uzoefu wangu

Lantana ni kichaka kinachogeuka gugu, na huponea kwenye urembo wake. Kichwa kimoja kina maua ya njano katikati na ya waridi au mekundu pembeni, na mtu huona vibaya kukigusa. Mimi huangalia matunda kwanza. Yakiwa bado ya kijani, naanza kukata. Yakishakuwa meusi, nayachuma yote na kuyatia mfukoni kabla ya kugusa tawi, maana yakipukutika chini nimeipanda upya.

Nang'oa udongo ukiwa na unyevu. Glavu ngumu na shati la mikono mirefu ni lazima: shina lina vimiba vilivyopinda, na majani huwasha. Nakata matawi kwa panga nikibakiza shina la sentimita 40 hivi la kushikia, kisha nazungushia sululu. Shina linapokutana na mizizi kuna kifundo kigumu, na hicho ndicho kinachotoa machipukizi. Ukikata usawa wa ardhi, kifundo kinabaki na kichaka kinarudi kizito zaidi. Ukichoma moto ni yale yale. Kifundo kitoke chote, pamoja na mizizi minene iliyoshikana nacho.

Penye mawe au ukuta, sululu haifiki. Hapo nakata chini kabisa na kupaka glifoseti (dawa ya kuua magugu) kwa brashi papo hapo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ukienda kunywa maji kwanza, jeraha linaanza kujifunga na dawa haiingii vizuri.

Matawi usiyalaze kwenye udongo mbichi, yataota mizizi. Yaanike juu ya mawe. Wala usiwatupie mbuzi au ng'ombe. Majani yana sumu inayoharibu ini, na ngozi ya mnyama hubabuka juani.

Baada ya hapo ndipo watu hulegea. Mwanga ukishafika ardhini, mbegu zilizolala huota kwa wingi. Mche mchanga una shina la pembe nne, na jani lake ukilisugua hutoa harufu kali. Ung'oe ungali wa kidole, kisha funika udongo kwa matandazo ya sentimita 10, au panda viazi vitamu vitambae juu yake. Kagua zaidi chini ya miti, nyaya na nyua, kwani ndege wanaokula matunda hutua hapo.

Kuna lantana za mapambo zinazouzwa kwa sifa kwamba hazizai. Baadhi huzaa hata hivyo, na nyingine hutoa chavua inayozalisha zile za porini zilizo jirani. Mimi sizipandi.