Kupiga rangi gari nyumbani: msikopi kila kitu cha huku

Wadau, mnaouliza kama mtu anaweza kupiga rangi gari mwenyewe uani, inawezekana kabisa, ila msikopi kila mnachoona kwenye video za huku Marekani. Mimi niko Minnesota, huku gari zinaliwa na chumvi, wanaimwaga barabarani kipindi cha barafu, kwa hiyo kazi kubwa ni kukata kutu chini ya milango na kwenye matao ya matairi. Dodoma kutu siyo ishu sana, adui ni jua. Angalia gari lililolala nje miaka kadhaa pale Area C, klia (lile koti la juu la kung'arisha, halina rangi) ya boneti na paa imebanduka kama ngozi ya nyoka na milango bado inang'aa.

Mdogo wangu yuko Nkuhungu, hapo hapo Dodoma, anafanya hizi kazi, tunabishana WhatsApp kila siku. Klia ikishaanza kubanduka usipige rangi juu yake, zitaondoka pamoja. Shuka na msasa mpaka ufike panaposhika, puti weka kwenye mabonde tu, kisha praima (rangi ya msingi), halafu msasa wa maji namba 600 au 800. Kagua kwa kiganja, macho yanadanganya, kabonde kadogo usikokaona leo klia ikikauka utakaona ukiwa getini. Rangi nunua kwa namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha kiwandani cha gari (siyo pleti namba), 040 kwa mfano ni ile nyeupe ya Toyota.

Sasa hali ya hewa ndo penyewe. Huku kukiwa na baridi kali klia inagoma kukauka, inabaki inanata, ndo maana tunaweka hadina (dawa ya kukaushia) ya haraka na kuwasha hita. Dogo akiniiga hapo kaumia, saa saba mchana Dodoma thina (ile ya kuzimulia rangi) inaruka hewani kabla rangi haijatua kwenye bati, inakuja kavu ina chenga chenga. Achukue thina na hadina za polepole, amwagie uani maji, aanze asubuhi sana kabla ya upepo, maana ule wa Julai na Agosti na lile vumbi jekundu mnaujua wenyewe.

Na jamani mapafu. Hadina ya klia ina kemikali inaitwa isosayaneti, inaweza kukuachia pumu ya maisha, na barakoa ya korona haizuii mvuke wake. Dogo aliomba spreigani, nikamtumia kwanza maski ya katriji (yenye vichujio), kanuna, eti mafundi wote mtaani wanafunga tisheti puani na wapo. Spreigani nimeshanunua, ipo hapa kwenye boksi, inasafiri siku akinitumia picha kaivaa hiyo maski.