Hatua za kutoka kitini hadi jukwaani

Juni 2018 mimi na mdogo wangu tulikaa roshani ya tatu, juu kabisa, ndani ya Radio City Music Hall, usiku wa Tuzo za Tony, zile za michezo ya Broadway, yaani kumbi maarufu za maonyesho za hapa New York. Darubini tulikuwa nayo moja, tukawa tunapokezana. Kila mshindi alipotajwa, mdogo wangu alinigusa kiwiko: "Dada, yule mwenye gauni jekundu ni nani?" Nami nachukua darubini, natafuta, nikimpata mwenye gauni keshafika ngazini.

Usiku ule ndipo nilipoanza kuhesabu hatua. Mtu anasikia jina lake, anakaa kidogo kana kwamba hakusikia, anainuka, anamkumbatia wa kulia na wa kushoto, anajipenyeza katikati ya magoti ya watu, anashika njia, anapanda ngazi, anafika kwenye maikrofoni. Hotuba nyingi nimezisahau. Zile safari nazikumbuka. Tangu hapo, kila waandaaji wanapotangaza ukumbi wa mwaka huo, mimi nauliza jambo moja: kutoka kitini hadi jukwaani ni hatua ngapi, na je, kila mtu anaweza kuzitembea?

Mimi ni mtu wa taa. Nafanya kazi katika kumbi ndogo hapa New York, zile ambazo mwigizaji akipiga chafya unamwambia afya kutoka chumba cha mitambo. Kwa hiyo naegemea upande wa kumbi ndogo, na sitaki kulificha hilo.

Tuzo hizi hazikuanzia kwenye ukumbi wa maonyesho hata kidogo. Mwaka 1947 zilitolewa katika hoteli ya Waldorf Astoria, watu wakiwa mezani wamevalia nguo za usiku, na kwa miaka 20 hivi ziliendelea kuwa jambo la hotelini. Televisheni ndiyo iliyozihamisha. Mwaka 1967 zilirushwa nchi nzima kwa mara ya kwanza, kutoka Shubert Theatre, na baada ya hapo kwa sehemu kubwa zikawa zinazunguka ndani ya kumbi za Broadway zenyewe. Mwaka 1997 zikaenda Radio City, na ukiacha miaka michache ya kuhama, pale ndipo pamekuwa makao yake.

Sababu ya kuhamia kule naielewa vizuri. Radio City ina viti karibu 6,000. Siku hizi tamthilia moja ya muziki inaweza kuwa na makumi ya watayarishaji, na kila mmoja ana wageni wake. Ongeza wapiga kura wa tuzo, waigizaji, wanamuziki, wabunifu wa maleba na wa mandhari, wadhamini, na mashabiki kama sisi walionunua tiketi. Halafu kuna jukwaa lenyewe: upana karibu mita 44, kina mita 20, na sakafu yenye lifti za haidroliki zinazopandisha na kushusha sehemu nzima ya jukwaa. Usiku ambao tamthilia nane au tisa zinapokezana, kila moja ikija na milango yake, vitanda vyake na ngazi zake, na muda wa kubadilisha ni ule wa matangazo ya biashara tu, jukwaa la namna hiyo ni neema. Mtu wa nyuma ya pazia akiliona anameza mate.

Ila tamthilia hizo hazikuzaliwa kwenye mita 44. Ukumbi unahesabiwa kuwa wa Broadway ukianzia viti 500, na mdogo kuliko wote, Hayes, una viti visivyofika 600. Mle mwigizaji anaweza kuteremsha mkono wake mezani taratibu na safu ya mwisho ikashusha pumzi pamoja naye. Mpeleke mwigizaji huyohuyo Radio City kwa dakika nne, na inabidi umwekee kuta za uongo pembeni ili jukwaa lisimmeze.

Watu husema, si tatizo, kamera itamsogeza. Kamera humsogeza, kweli, lakini ina bei yake, na bei hiyo nimeilipa kwa mikono yangu. Miaka michache iliyopita mchezo wetu mmoja ulirekodiwa kwa ajili ya televisheni. Tulikuwa na viti 180. Kamera zilipomaliza kujipanga, pamoja na ile yenye mkono mrefu unaozunguka juu ya vichwa vya watu, vikabaki 120 na kitu. Mchezo wenyewe ulikuwa na sehemu ambayo mama mmoja anakaa gizani na mshumaa, akisubiri mlango ugongwe. Nilikuwa nimeihangaikia sehemu hiyo wiki nzima: mshumaa, na taa moja tu ya rangi ya kahawia kutoka pembeni, imepunguzwa hadi inakaribia kuzimika. Mpiga kamera akanifuata kwa adabu kabisa. "Dada, pale sioni kitu." Nikaongeza. "Kidogo tena." Nikaongeza. Mwisho yule mama alikuwa ameketi kwenye mwanga unaotosha kusoma gazeti, na mshumaa mbele yake umekuwa pambo. Kwenye skrini sura ilitoka nzuri sana. Ndani ya ukumbi hakuna aliyeshusha pumzi.

Ndiyo maana naamini ukumbi wa tuzo za maonyesho uchaguliwe kwa ajili ya waliokaa ndani kwanza. Ndani kukiwaka, kamera itapata cha kunasa. Ndani kukipoa, hakuna mkono mrefu utakaotusaidia.

Mfano wangu ni Juni 12, 2016. Mwaka huo Radio City haikupatikana, tuzo zikafanyika Beacon Theatre, barabara ya Broadway na mtaa wa 74, ukumbi wa viti takriban 2,800. Asubuhi ya siku hiyo watu 49 walikuwa wameuawa katika klabu ya usiku huko Orlando. Niliangalia nyumbani, nimeketi sakafuni. Waigizaji wa tamthilia ya muziki ya Hamilton walicheza kipande cha vita bila kushika bunduki zao. Lin-Manuel Miranda, mtunzi wake, alipopokea tuzo ya muziki alisoma shairi la aina ya soneti, sauti ikimkwama. Kilichonishika ni kwamba kila kamera ilipogeuka kwa watazamaji, niliona sura, wala si bahari ya vichwa. Mtu alikuwa analia hatua chache tu kutoka kwa anayezungumza, na wote wawili walijua hivyo. Siku ile ilihitaji watu kukaa karibu.

Hapo mdogo wangu hunipinga, na ana haki, maana tulikuwa pamoja kule juu 2018. Usiku ule wanafunzi wa maigizo wa shule ya Marjory Stoneman Douglas, Parkland, Florida, walipanda jukwaani kuimba. Miezi minne nyuma watu 17 walikuwa wameuawa shuleni kwao. Mwalimu wao wa maigizo, Melody Herzfeld, alikuwa anatunukiwa usiku huohuo. Darubini ilikuwa zamu ya mdogo wangu. Wimbo ulipoanza kupanda aliishusha, akaiweka mapajani, akabaki anatazama kwa macho yake matupu, watoto wadogo kama punje za mchele chini ya taa. Ukumbi mzima ukasimama. Ukiwa roshani ya tatu watu maelfu wakisimama, unaisikia sakafu. Sitasema hilo lingewezekana popote pengine.

Kwa hiyo ukubwa una kazi yake. Lakini mwaka uliofuata, Radio City tena, Ali Stroker alishinda tuzo ya mwigizaji msaidizi katika tamthilia ya muziki, mtu wa kwanza anayetumia kiti cha magurudumu kushinda Tony. Jina lake lilipotajwa alitokea nyuma ya jukwaa, kwa sababu kutoka kwenye viti kwenda jukwaani hapakuwa na njia ya mteremko. Baadaye tamthilia yao iliposhinda tuzo ya marudio bora, ya mchezo wa zamani ulioandaliwa upya, wenzake walijaa jukwaani naye hayumo. Nilirudia mkanda ule mara kadhaa nikimtafuta. Ile safari niliyosema, ya kukumbatiwa, ya kujipenyeza kwenye magoti ya watu, ya kupita katikati ya wanaokupigia makofi, yeye hakuipata. Hili haliponywi kwa viti 6,000 wala kwa viti 2,000. Linaponywa na mtu anayekwenda kukagua ukumbi miezi mingi kabla, akiwa na futi ya kupimia, na kusema: hapa tunajenga mteremko, safu hizi nne zitoke. Mbao tunazo, maseremala tunao. Kumbi nyingi za hapa ni za miaka ya nyuma sana na ngazi zake ni za enzi hizo, najua, lakini jukwaa la tuzo hujengwa upya kila mwaka. Hakuna kisingizio cha kuijenga njia ya mshindi kwa ngazi pekee.

Mwaka ulionifurahisha kuliko yote ni 2023. Tuzo zilipanda juu kabisa, kaskazini mwa Manhattan, Washington Heights, ndani ya United Palace, mtaa wa 175. Ilikuwa sinema ya kifahari iliyofunguliwa 1930, kuta zimechorwa na kuchongwa hadi jicho linachoka, viti zaidi ya 3,000. Waandishi wa filamu na televisheni walikuwa kwenye mgomo, kwa hiyo kipindi kizima kilikwenda bila maneno ya kuandikwa. Ariana DeBose, mwendesha kipindi, akafungua kwa kupekua kurasa tupu, kisha akacheza, bila neno hata moja, kupita kwenye ukumbi wa mapokezi, kwenye ngazi kuu, hadi jukwaani. Unaona? Walichukua ile njia ya kwenda jukwaani wakaifanya ndiyo onyesho. Jengo lilipewa nafasi ya kuigiza. Na ilikuwa mtaani kwa watu, mbali na vibao vyenye taa vya Times Square, ziliko kumbi za Broadway, lakini bado juu ya barabara ileile iitwayo Broadway.

Kurudi ndani ya ukumbi halisi wa Broadway ningetamani mno, ila ni vigumu. Kila ukumbi una mchezo wake, maonyesho manane kwa wiki, na tuzo zinahitaji siku nyingi za kufunga taa na kufanya mazoezi. Mwaka 2021 walipata Winter Garden kwa kuwa kumbi zilikuwa ndiyo kwanza zinaamka baada ya janga la korona. Bahati ya namna hiyo haiombwi.

Mimi nikiulizwa, nitasema Beacon au United Palace, mteremko ujengwe kabla ya kitu kingine chochote, na wacheza dansi wa nyuma wapewe viti vya chini kabla ya mgeni wa tatu wa mtayarishaji. Mdogo wangu husema, "Sawa dada, na sisi wa roshani ya tatu?" Jibu langu ni mazoezi ya mwisho. Hufanyika asubuhi ya siku ileile, maleba kamili, taa kamili. Wajaze ukumbi asubuhi ile kwa wanafunzi na mashabiki. Hajaridhika bado, anasema asubuhi si usiku.

Mwezi uliopita nilimpeleka Beacon kusikiliza muziki. Tulikuwa safu ya 12. Kabla taa hazijapunguzwa niliinuka nikatembea taratibu hadi mbele, nikihesabu kimoyomoyo. Hatua zangu 17. Nikageuka kumtafuta. Nilimwona bila kuhangaika, hadi ile tabia yake ya kuuma mdomo wa chini akiwa anawaza.